Kwetu ni Mbele ya Pazia

Gundi ya unga haina siri. Unachukua unga wa ngano na maji, unakoroga kwenye moto mdogo mpaka mwiko uanze kuwa mzito, basi. Nafundisha watoto wa chekechea hapa Lewisville, Texas, na Jumatatu tulikuwa tubandike vipande vya vitambaa kwenye makaratasi, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni kwangu nakoroga. Gundi ya dukani ipo tele, lakini watoto wangu wana tabia ya kuilamba, na hii hata wakiilamba watakuwa wamekunywa uji tu. Sijui ni nini kilinituma nifungue kabati nikatia na karafuu. Mkono ulijiendea wenyewe. Harufu ilipopanda nikasimama pale na mwiko mkononi, nikawa tena mtoto wa miaka minane, kwenye gereji ya mjomba wangu Houston, natamani kulia na sina wa kumlilia.

Mimi ni Mchina wa Kariakoo. Najua, watu hucheka. Wakenya wa kanisani hapa, nikifungua mdomo, wananiangalia usoni, wanasikiliza, kisha wananiangalia tena, halafu mmoja lazima aulize, "Eh, dada, na hiyo Kiswahili umeitoa wapi?" Nimeitoa kwa mama yangu, jamani, kama nyie mlivyoitoa kwa mama zenu.

Babu mzaa mama alitoka kijijini kwao Guangdong, kusini mwa Uchina, akiwa kijana mwenye kamera moja. Sisi Wakantoni babu wa upande wa mama tunamwita Gonggong, na bibi tunamwita Popo. Gonggong akafungua studio ya picha Kariakoo, na kwa kuwa studio bila pazia ni chumba tu, akajichorea pazia kwa mkono wake. Akachora bwawa la kijijini kwao, daraja la mawe, miti miwili na mnara mwembamba wa ghorofa uliokuwa ukilinda kijiji. Siku ya Idd watoto walipanga foleni hadi barabarani na nguo zao mpya, wanasubiri kupigwa picha mbele ya bwawa lile. Maharusi walisimama pale, askari waliohitimu walisimama pale, na mama mmoja muuza ubuyu alikuja kila mwaka na mapacha wake. Nusu ya Kariakoo imepigwa picha kijijini kwa babu yangu. Yeye mwenyewe hakurudi huko hadi anakufa.

Popo alizaliwa Dar es Salaam. Kazi yake studioni ilikuwa kupaka picha rangi enzi za picha nyeusi na nyeupe, kwa pamba iliyozungushiwa kijiti: shavu kidogo, midomo kidogo, khanga ya bibi harusi kama ilivyokuwa. Baba alikuwa mwanafunzi wa Gonggong, mtoto wa mpishi wa Kikantoni, na akaishia kumwoa binti wa mwalimu wake. Gonggong alipofariki, studio ikawa ya Baba. Mimi nilizaliwa chumba cha nyuma, na usingizi wangu wa mchana niliulala nyuma ya pazia, kwenye mkeka, nikisikia Baba akiwaambia wateja, "Kidevu juu kidogo. Hapohapo."

Kisha mjomba aliyekuwa Houston akamchukua Popo, na miaka ikapita akatuchukua na sisi, Mama na mimi. Karatasi za Baba zikakwama. Sikuelewa karatasi inakwamaje. Baba akachuchumaa akanifunga kamba za viatu, akasema, "Ah Ling, nyie tangulieni." Ah Ling ndiye mimi. Nikatangulia.

Houston nilikaa na Popo peke yetu muda mwingi, maana Mama alipata kazi mbali, Euless, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, kwenye jiko kubwa la kupakia vyakula vya ndege. Alikuwa amepanga kitanda tu, katika chumba cha wanawake wengine, na mtoto haruhusiwi. Akasema nikae kwa Popo mpaka apate nyumba. Mjomba na mkewe walitoka asubuhi na kurudi jioni wamechoka, wakila mbele ya televisheni bila maneno. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa naongea na jokofu.

Na wala usidhani kwamba kwa kuwa Houston ina mitaa ya Wachina basi niliona wenzangu. Popo alinipeleka kwenye duka la vyakula, bata wa kuokwa wamening'inia dirishani wananuka vizuri hadi unasahau shida zako. Mwuzaji akaniinamia akaniuliza kitu kwa Kikantoni, haraka haraka. Nilikuwa najua Kikantoni cha kula na cha kufokewa tu. Nikababaika nikamjibu, "Sijambo, shikamoo." Yule mama akanyooka polepole akamwangalia Popo. Popo akacheka, akamweleza, lakini mimi masikio yalikuwa yanawaka. Shuleni nako mwalimu, kwa wema wake, alinikalisha na msichana kutoka Beijing ili anisaidie. Tukatazamana siku nzima, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mahali pekee nilipopumua ni gerejini. Mjomba alikuwa haweki gari mle, alimwachia Popo. Na Popo, mwanamke mfupi mwenye nywele kama manyoya ya kifaranga, alikuwa amening'iniza shuka kubwa la kitanda ukutani akachora pazia la Gonggong upya. Lote, kwa kukumbuka tu. Bwawa, daraja, miti miwili, mnara. Mara ya kwanza nilipoliona nilikimbia nikaenda kuchungulia nyuma yake. Nilidhani nitakuta mkeka wangu. Nilikuta mashine ya kufulia.

"Unatafuta nini wewe?" Popo akaniuliza.

"Popo, kwenu ni hapo?" Nikaonyesha mnara.

"Hapo? Hapo mimi sijawahi kufika hata kwa ndoto. Hapo ni kwao Gonggong." Akachovya brashi. "Sisi kwetu ni mbele ya pazia. Pale palipokaa kiti."

Nikatazama palipokaa kiti. Palikuwa na sakafu ya saruji na doa la oili.

Wazee wa Kikantoni wa mtaani walimjua Popo kwa kazi yake moja, na ndiyo kazi ninayotaka kukueleza. Kwetu, tangu zamani, mtu akienda kuhangaika nchi za mbali na familia inataka picha ya pamoja, hawasubiri arudi. Wanapiga picha na kumwachia nafasi. Naye huko aliko anapiga yake, anaituma. Fundi anakata kwa mkasi, anabandika, anapaka rangi pembeni kuficha kovu, na familia inakuwa pamoja ukutani. Chumbani kwa Popo kulikuwa na moja ya zamani sana: Gonggong kijana, amesimama pembeni ya mama yake aliyeketi uani kwao kijijini. "Siku inapigwa hii," Popo alisema, "Gonggong alikuwa Kariakoo ananunua samaki." Siku hizi kompyuta inafanya hayo kwa dakika chache, lakini wazee wale walitaka mkono wa Popo, mkasi wake mdogo na gundi yake ya unga yenye shabu na karafuu ili wadudu na ukungu wasiile.

Akaja Bwana Lau, mpishi wa hoteli, mtu mpole anayenuka tangawizi. Mke wake alikuwa amebaki kwao. Popo akamfanyia kazi, nikaiona ilipokwisha: Bwana Lau na mwanamke mwenye blauzi ya maua, bega kwa bega, utafikiri walitoka kuchuma maua pamoja. Bwana Lau akaishika kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Mwezi mmoja au miwili baadaye, siku ya Jumapili, akabisha hodi na mwanamke mwenye blauzi ya maua. Yuleyule! Anatembea, anacheka, ana jino la dhahabu ambalo kwenye picha halikuonekana. Akanipa pipi. Wakubwa walikuwa wanaongea habari za viza na ndege, lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa mambo. Nilimwangalia Popo, nikaangalia sufuria ya gundi, nikasema moyoni, kumbe ndivyo inavyofanyika.

Niliweka imani hiyo kwa siri, kama mtoto anavyoweka jino. Watu wawili Popo akiwaunganisha kwa gundi, wanakutana. Gonggong na mama yake hawakukutana, ni kweli, lakini niliona labda wakati ule Popo alikuwa bado hajaanza kutia karafuu.

Basi Mama alipokuja Houston kututembelea, Popo akasema ataifanya ya kwetu, unaweza kufikiria moyo wangu. Mama akaketi kwenye kiti mbele ya pazia la shuka. Mimi nikasimama upande mmoja na koti langu la njano, la mtumba, lililonipwaya mikononi. Upande wa pili tukaacha nafasi. "Usiegemee huko," Popo akafoka, "hapo pana mtu." Nikajikaza nisiegemee. Nilihisi kabisa joto la mtu upande ule. Baba naye kule Dar alitakiwa kupiga yake, studioni kwake, na kuituma kwa posta.

Kabla haijafika, Mama akapata nyumba. Nikahamia Euless, nikamwacha Popo amesimama kwenye mlango wa gereji na brashi mkononi. Euless ilikuwa vyumba viwili ghorofani, zulia la kijivu, na ndege. Ndege zilipita juu yetu chini chini kiasi kwamba ungeweza kuona magurudumu. Mama aliingia kazini alfajiri na kurudi jioni, na mimi baada ya shule nilikuwa kwa jirani wa chini, Mama Espe, Mrundi, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi. Siku ya kwanza alinisikia nikimwita Mama ngazini, akatoka na mwiko. "Yezu Maria! Nani huyo anaongea Kiswahili?" Akaniona. Akaangalia nyuma yangu kutafuta mwenye sauti. Kisha akaniuliza maswali mpaka akaridhika, akanivuta ndani akanipa maharage. Alikuwa ameishi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania na chumvi yake ya Kirundi. Binti yake Espe tulikuwa rika, ila Espe hata umwambie nini alijibu "I know" na kuendelea na katuni zake.

Siku Mjomba alipoleta picha, Mama aliipokea bado amevaa wavu wa nywele wa kazini. Tulikuwa watatu. Mama kaketi, mimi na koti la njano, na Baba amesimama upande wake, mkono juu ya mgongo wa kiti, nyuma yetu bwawa na daraja. Hukuona kovu hata kidogo. Alikuwa amevaa shati lake la mikono mifupi, kalamu mfukoni. Mama akaitundika sebuleni juu kidogo, akaitazama muda, akaenda kuoga akakaa huko bafuni mpaka maji ya moto yakaisha.

Mimi sikulia. Nililie nini? Kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Baba sasa alikuwa njiani.

Nikaanza kumngoja. Nikitoka shule nilikaa kwenye ngazi za nje nikizitazama ndege, na kila moja niliitafutia sababu kwa nini huenda ndiyo yenyewe. Mama alinunua kiti kikubwa cha mitumba, akakiosha, akakiweka chini ya picha. "Usikikalie, bado kibichi," akasema, na mimi nikajua ni cha nani. Baba kwenye simu akasema, "Karibuni tutakuwa pamoja, Ah Ling." Na wiki hiyo Mama akasema Jumapili zamu yake itaisha mapema. Jumapili! Si ndiyo siku aliyokuja mke wa Bwana Lau? Nikashuka ngazi mbio nikamwambia Mama Espe, "Baba anakuja Jumapili."

"Anakuja? Amesema mama?"

"Kila kitu kipo tayari," nikasema. Na kwangu kilikuwa tayari kweli.

Mama Espe akapanda hadi kwetu, kwa ufunguo aliokuwa ameachiwa, akasimama mbele ya picha. Namkumbuka alivyokuwa akiisoma, mikono kiunoni. "Kumbe alishafika Houston!" akasema. "Si huyu hapa, mmepigwa wote? Na hili si koti lako la njano ulilovaa jana? Houston na hapa si ni ku-drive tu masaa manne. Na mama yako kimya! Mwanamke ana mume kwenye picha hajasema hata neno moja." Akacheka, akanifinya shavu. "Usimwambie. Tutam-surprise."

Kwa Warundi mgeni hapokelewi kwa chai tu. Jumapili baada ya misa wakaja wanawake wanne wa parokiani na masufuria wamefunga kwa mataulo. Maharage, ndizi, sombe, yaani kisamvu, mchele, soda za machungwa kwenye ndoo ya barafu. Wakapanga kila kitu sebuleni kwetu. Wakanivika gauni la Espe. Wakamwekea Baba kile kiti, wakatandika kitenge juu yake. Nyumba yetu ambayo siku zote ilikuwa inanuka zulia ikanuka vitunguu na mawese, ikajaa watu wanaoongea Kiswahili kwa sauti, na mimi nikakaa chini karibu na kiti nikiwa na furaha ambayo, nakuambia, hata siku ya harusi yangu sikuipata.

Tukasikia ufunguo. Mama Espe akatoa ishara. Mlango ulipofunguka wakapiga vigelegele, wakaimba, wakapiga makofi. Mama alisimama pale na sare yake, wavu kichwani, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Aliona wanawake wanaimba na macho yote yanatazama nyuma yake. Akageuka nyuma, naye akaangalia ni nani anayepigiwa vigelegele.

Hapakuwa na mtu. Ni ngazi tu.

"Shemeji yuko wapi?" Mama Espe akauliza, bado anatabasamu. "Anapaki gari?"

"Shemeji gani?"

"Mume wako! Si huyu?" Akanyoosha kidole kwenye picha.

Mama aliitazama picha, akanitazama mimi na gauni la Espe, akatazama kiti na kitenge chake. Nikaona uso wake ukielewa mambo moja baada ya jingine. "Huyo yuko Dar es Salaam," akasema taratibu. "Ile ni kazi ya mama yangu. Ya mkasi."

Wimbo ukafa. Mwanamke mmoja akajifanya anatengeneza vijiko. Nilimngoja Mama anifokee, hakunifokea. Alikaa sakafuni palepale mlangoni akaweka viatu pembeni. Mama Espe ndiye aliyeokoa jahazi. Akafunua sufuria, akasema, "Haya, chakula kimeshapikwa, hakirudi kwenye mfuko. Tule." Tukala. Hakuna aliyekikalia kile kiti. Waliombea walio mbali, kwa Kirundi, kwa kirefu, na nilisikia jina langu mle katikati.

Baadaye walipoondoka wengine, Mama na Mama Espe walikuwa wanaosha vyombo, migongo yao kwangu. Mama Espe alikuwa na mtoto wa kiume aliyezikwa kambini. Hilo nilikuwa nimelisikia. Akauliza, sauti chini, si sauti yake kabisa, "Mama yako huyo, anaweza kumweka pichani hata mtu ambaye hatakuja?"

Mama akakamua sifongo. "Hao ndio anaowaweka," akasema.

Ndivyo nilivyoambiwa, bila kuambiwa mimi. Nilisimama pale na soda yangu. Nilikuwa sijawahi kuhisi chumba kikubwa kiasi kile.

Popo alimfanyia kazi Mama Espe, na mvulana yule akasimama kanisani Texas kati ya mama yake na Espe, shati jeupe. Mama Espe hakuwahi kumngoja. Aliitundika, akaifuta vumbi kila Jumamosi. Ya kwetu Mama aliishusha kesho yake akaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, na kiti akakikalia mwenyewe. Karatasi za Baba zilikataliwa. Kisha kukawa na studio ya kutunza, na kaburi la Gonggong ambalo lazima mtu alisafishe, kisha ikawa mazoea. Mama na Baba hawakugombana. Walipungukiwa maneno tu. Nasi kwenda kule, mwanzo tulikuwa hatuna ruhusa ya kutoka na kurudi, baadaye hatukuwa na nauli, na baadaye nauli ikapatikana lakini mimi nikawa na hasira zangu. Nilikuwa nimemwita mtu kwa kila nilichokuwa nacho, na hakuja. Popo alifariki nikiwa sekondari. Nilipopata nyumba yangu Lewisville, Mama akanipa ile picha, ameifunga kwenye gazeti. "Chukua," akasema. "Ni ya kwako zaidi kuliko yangu." Nikaitundika juu kwenye korido, mahali pa giza kidogo, na sikuwa naitazama.

Jumamosi ile niliitazama. Nilizima jiko nikaiacha gundi, nikaishusha fremu. Chini ya kioo kulikuwa na unyevu, karatasi imevimba upande mmoja, na kwa muda mrefu nilikuwa najiambia nitaitengeneza. Nikafungua misumari ya nyuma kwa kisu, nikatoa kioo. Harufu ya karafuu ikanipanda puani, hafifu, baada ya miaka yote ile. Nikaigeuza picha chini ya dirisha ili nione vizuri. Kipande kilichobanduka kikaanguka kwenye kiganja changu.

Sikuwa nimemshika Baba. Nilikuwa nimemshika Mama kwenye kiti, na mtoto mwenye koti la njano. Tumekatwa pembeni yote kwa mkasi mdogo, hadi mkunjo wa mkono wa koti. Na kwenye picha iliyobaki mezani, Baba alikuwa amesimama mzimamzima, na kivuli chake chini ya miguu, mbele ya pazia ambalo halikuwa shuka. Lilikuwa turubai la Gonggong lenyewe, na kiraka chake cha pembeni. Ameweka mkono hewani, juu ya mahali ambapo hapana kiti.

Nilikaa chini. Kisha nikampigia simu. Kule ilikuwa jioni, alikuwa anafunga studio. Siku hizi anapiga picha za pasipoti zaidi, na masikio yake hayasikii vizuri.

"Baba, ile picha ya Popo. Ya sisi watatu. Nani alikatwa?"

"Nini?"

"Nani alikatwa! Wewe au sisi?"

Akacheka. "Swali gani hilo? Popo hakuwahi kumkata mtu akiwa kwao hata siku moja. Anakatwa aliyeondoka, anarudishwa nyumbani. Nyie ndio mliondoka."

Sikuwa nimewahi kujiuliza nani anakwenda kwa nani. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, ngazi, ndege, kiti, maharage ya Mama Espe, mambo ambayo hatukuwahi kuongea. Nikasema, "Mimi nilikungoja wewe uje."

"Nami Popo aliponitumia nakala yangu," akasema, "nikasema, haya, wamefika. Mama yako alikuwa amesema huenda mkaja likizo. Nikanunua godoro dogo, la kukutosha wewe. Nikaliweka nyuma ya pazia, pale ulipokuwa unalala."

"Ulilipeleka wapi?"

"Lipo." Nikamsikia akitembea, ndala zake zikiburuta sakafuni, kisha karatasi ya nailoni ikichakarika. "Bado liko kwenye nailoni yake."

Nililia, basi. Nililia na kile kipande mkononi, na yeye hakuninyamazisha. Nilipotulia nikamwambia nina gundi ya moto jikoni, nimetia na karafuu, naweza kuibandika upya ile picha sasa hivi isipotee.

"Hapana, Ah Ling," akasema. "Usiibandike huko. Njoo nayo."